Mavi ya Chuma

Mwezi wa sita, umande umeganda juu ya pareto,
nilikuwa nachimba tuta la tatu la viazi, kwetu Bulongwa,
jembe likalia.
Si kilio cha jiwe. Jiwe hufoka mara moja, likanyamaza.
Hiki kilinipanda mkononi hadi kwenye jino bovu.

Nikafukua kwa vidole:
kitu cheusi, ukubwa wa kichwa cha mbuzi,
kizito kuliko haki yake,
kina matundu kama mkate wa kumimina,
na upande mmoja kimechuruzika, kikagandia palepale,
uji uliofurika chungu mpishi akiwa mlangoni anaongea.

Elikana, mume wangu, alikitazama bila kushuka baiskeli.
"Kipande cha Landrova ya wamisionari," akasema,
akaenda zake.
Mwalimu Luvanda alivaa miwani, akavua, akavaa:
bomu la Mjerumani. Tusogee nyuma.
Tulisogea. Lenyewe halikuwa na habari nasi;
kuku akapanda juu yake, akajikung'uta.

Kijana wa kwaya akasema kimondo,
ndugu yake yule wa Mbozi, watalii watakuja,
heri nijenge choo cha wageni.
Siku mbili kila nikilala nilikijenga hicho choo,
nikakiwekea hata bati la bluu.

Kisha akapita mnunuzi wa chuma chakavu,
na mizani ya ndoano, na sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio.
Sumaku ilinusa, ikashika kidogo, ikaachia,
kama mchumba aliyetajiwa idadi ya ng'ombe.
"Siyo chuma, mama. Na siyo kisicho chuma."
Akanunua sufuria yangu iliyotoboka, akaondoka.

Basi nikakificha kapuni, chini ya viazi,
nikadandia lori la mbao hadi Tandala
kwa Tweve, mchomelea mageti.
Njia nzima nilikuwa natunga uongo wa kumwambia.
Hakuuliza. Alizima mashine, akapandisha miwani myeusi,
akatia ukucha kwenye tundu moja,
kisha akainama, akaokota sakafuni ganda jeusi
lililodondoka kwenye geti la mtu,
akaviweka pamoja mezani:
babu na kitukuu.

"Mavi ya chuma," alisema.
Nikadhani ananitukana.

"Chuma kikiiva hunya, mama.
Mavi hubaki jikoni, chenyewe huondoka safi.
Hapo kwako palikuwa na tanuri.
Tafuta udongo uliochomwa ukawa mwekundu,
na vipande vya bomba la mfinyanzi, walipopitisha pumzi ya mivukuto."

Sikuhitaji kutafuta.
Naijua kona ile. Viazi vyake havijawahi kuzidi gololi,
udongo una mkaa, mvua ikinyesha unanuka moshi wa zamani.
Miaka kumi na moja tumesema ni Lusiana,
jirani wa ng'ambo ya mfereji,
kwamba alizika kitu.
Miaka kumi na moja sijamwomba moto wala chumvi.
Mwanawe alipooa nilisikia vigelegele nikiwa napalilia
nikamgeuzia mgongo hata upepo.

Na kweli kulikuwa na kitu kimezikwa.

Jembe langu nimelinunua dukani, lina muhuri wa jogoo,
sijui limetoka nchi gani.
Waliochoma hapa walifua majembe yao hapahapa,
yakaenda kulipa mahari, yakalima milima ya watu,
yakalika kidogo kidogo hadi yakabaki kama jani,
hakuna hata moja lililokumbuka kurudi.
Kilichobaki ni walichokitupa.

Sasa kinazuia mlango usigongwe na upepo.
Elikana bado anaapa ni Landrova.

Nami jana nilijaza beseni viazi, vile vikubwa vya juu,
nikafika mferejini, nikasimama.
Lusiana alikuwa anaanika mahindi. Aliniona.
Nikarudi nalo.
Leo nimeliacha karibu na mlango,
halijafunikwa.